Miezi minane ya "hayupo": uchambuzi wa kisa kimoja cha jumuiya ya Kikristo mjini Moshi

Nimekuwa katibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo katika mitaa ya chini ya mji wa Moshi, upande wa Pasua na Njoro, kwa miaka 6 sasa. Kisa ninachokichambua hapa kilitokea ndani ya jumuiya yetu, na sehemu kubwa ya kosa lililomo ilipita mikononi mwangu, kwa kalamu yangu, katika daftari ninalolitunza. Sitaitaja jumuiya wala parokia, na wahusika nitawaita kwa kazi au nafasi zao. Mama ambaye kisa ni chake nilimsomea maandishi haya kabla ya kuyatoa. Alisahihisha mahali pawili, kisha akaniomba jambo moja tu, kwamba nisimwandike kama mtu wa kuhurumiwa.

Ni mshonaji. Cherehani yake ya miguu hukaa barazani mwa duka moja karibu na soko la Mbuyuni, na kazi yake kubwa ni sare za shule. Yeye na mumewe, aliyekuwa dereva wa lori, walihamia Moshi kutoka Singida miaka 11 iliyopita, wakapanga chumba na sebule, wakajiandikisha parokiani, na watoto wao wawili wakabatizwa hapa hapa. Katika jumuiya hawakuwa viongozi, lakini hawakukosa, na baba alikuwa na sauti ya besi iliyotuokoa sana zile Jumamosi ambazo wanaume huwa wachache.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba watu hawa hawakuwa na mlima. Wengi wetu katika jumuiya tuna kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro: Kibosho, Uru, Marangu, Rombo au Old Moshi. Mjini tunafanya kazi, lakini nyumbani ni kihambani, yaani shamba la ukoo, kwenye migomba, mahali alipozikwa babu na ambapo sisi wenyewe tunatarajia kuzikwa. Likitokea la kutokea, ukoo huwa umeshakutana kabla jumuiya haijapata habari. Mgonjwa hupandishwa nyumbani, shangazi wapo, maziwa yapo, na kaburi linajulikana lilipo. Kwetu sisi, nasema kweli, jumuiya mara nyingi ni nyongeza juu ya kitu kilichokwisha kukamilika. Kwa familia ile jumuiya ndiyo iliyokuwa shangazi, na ndiyo iliyokuwa kihamba, na sisi hatukulijua hilo kwa sababu hatukuwahi kuwa na haja ya kulijua.

Mwezi Juni baba alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza na maneno yakampotea, akabaki na sauti mbili tatu ambazo mkewe peke yake aliweza kuzifasiri. Alikaa hospitalini wiki mbili, na padre alimpa Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa akiwa bado wodini. Aliporudi nyumbani tulifanya yote yanayotakiwa kufanywa: tulikwenda kwa wimbo, tukasali rozari, tukapeleka unga, sukari, sabuni na shilingi 40,000 taslimu. Tulirudi tena Julai. Mwezi Agosti mama akaacha kuja jumuiya, na kuanzia Jumamosi ile hadi mumewe alipofariki mwezi Aprili hakuna mtu wa jumuiya aliyevuka kizingiti cha nyumba yao.

Kwa nini aliacha? Wakati ule tulikuwa na jibu, tena tulilipata upesi: amepoa. Ndilo neno tunalolitumia. Jibu la kweli nilikuja kulisikia kwake mwenyewe baada ya arobaini ya marehemu, na nitalieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu ambacho kisa hiki kinaweza kutufundisha.

Jumuiya yetu husali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mwenye zamu huandaa meza yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa, na baada ya sala huwapa watu chai. Chai hiyo ilianza ikiwa chai ya rangi tu. Kadiri miaka ilivyokwenda, na bila mtu yeyote kuamua, ikaongezeka maandazi, kisha chapati, kisha mayai ya kuchemsha, mpaka ikafika mahali ambapo mwenye zamu hukopa. Mwezi Agosti zamu ya mshonaji ilikuwa imebakiza wiki tatu. Mumewe alikuwa amelazwa kwenye godoro sebuleni, kwa kuwa chumba cha ndani kilikuwa chembamba mno na hakikuwapo nafasi ya kumgeuza. Mama akapiga hesabu. Vikombe vizima alikuwa navyo 5. Watu wa jumuiya wanaohudhuria ni 20 na zaidi. Godoro halikuwa na pa kwenda. Na kulikuwa na harufu ya chumba cha mgonjwa asiyeweza kujisaidia mwenyewe, ambayo yeye alikuwa ameizoea lakini alijua sisi hatujaizoea. Hakumwambia mtu. Jumamosi ambayo orodha ya zamu ilisomwa hakuja, na aliyefuata kwenye orodha akaisogeza zamu yake mbele bila kuuliza.

Kisha kuna kundi la WhatsApp. Mwaka ule parokia ilikuwa na mchango wa ukarabati, na viongozi tuliona vema orodha ya waliotoa itumwe kila jioni: jina, kiasi, na alama ya tiki. Asiyetoa aliwekewa kistari. Mimi ndiye niliyekuwa nikiituma orodha hiyo. Jina la mshonaji lilikaa na kistari jioni 19 mfululizo, mbele ya macho ya kila mtu, mtoto wake mkubwa akiwemo, maana simu walikuwa wakitumia moja. Siku ya 20 ikaingia taarifa kwamba ametoka kwenye kundi. Niliandika katika daftari, "amejitoa", nikaona nimetimiza wajibu wa katibu.

Desemba jumuiya za mjini karibu hulala, kwa sababu watu hupanda mlimani kula Krismasi. Kwa mshonaji Desemba na Januari ndiyo miezi ya kazi, kwa kuwa shule zinakaribia kufunguliwa. Alishona usiku, akampokea mgonjwa alfajiri kutoka kwa jirani wa chumba cha pili, mama wa Kiislamu ambaye tangu Oktoba alikuwa akija kusaidia kumgeuza, kumwosha na kumlisha uji kwa kijiko. Mama huyo hakuombwa. Alisikia kishindo siku moja mgonjwa alipoteleza kutoka kwenye godoro, akaingia, na tangu siku hiyo hakuacha kuingia.

Baba alifariki Jumanne moja ya masika, kabla ya adhana ya alfajiri, na aliyetuletea habari ni mtoto wa jirani huyo.

Kumsafirisha marehemu hadi Singida hakukuwezekana kwa fedha zilizokuwapo, na kihamba hakikuwapo. Angezikwa makaburi ya manispaa. Ili padre aongoze mazishi, utaratibu wa kwetu ni kwamba jumuiya iandike barua ya kumtambulisha marehemu kuwa mwamini wake. Jioni ya siku hiyo viongozi tulikutana nyumbani kwa mwenyekiti, watu 7, pamoja na katekista na bibi mmoja mjane ambaye ni mkubwa kuliko sisi wote, na huwa tunamwita katika mambo mazito.

Mhazini akafungua hesabu. "Baba mwenyekiti," alisema, "hapa kuna deni la shilingi 86,000, na mahudhurio ni sifuri tangu Agosti. Tukiandika barua hii, Jumamosi tutawaambia nini wanaotoa?"

Naomba msomaji asimhukumu haraka. Mhazini wetu anauza ndizi Kiboriloni na michango yake huitoa kwenye mtaji. Amewahi kuona watu wenye uwezo wakikaa miaka bila kuonekana kanisani, kisha wakaja na gari la kifahari kudai kengele na kwaya kwa ajili ya maiti. Mfuko wa maafa wa jumuiya ni mdogo, na umedumu kwa sababu kuna mtu aliyekuwa mkali juu yake. Hoja yake ilikuwa ya haki, na jumuiya yoyote iliyowahi kutunza senti za watu maskini inaifahamu. Akaiunga mkono kwa Maandiko: sura ya 6 ya waraka kwa Wagalatia, aya ya 5, kwamba kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe.

Katekista akamwomba arudi nyuma aya tatu. Aya ya 2 ya sura hiyo hiyo inawaagiza waamini wachukuliane mizigo, na hivyo waitimize sheria ya Kristo. Akatueleza kuwa Paulo hajipingi, kwani katika Kigiriki ametumia maneno mawili tofauti. La aya ya 5, phortion, ni furushi la kawaida ambalo msafiri hujitwika mwenyewe. La aya ya 2, baros, ni uzito unaolemea, unaomwangusha mtu njiani. Swali lililo mbele yetu, akasema, ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa sebuleni mwa yule mama.

Tukaanza kubishana juu ya hilo. Ndipo bibi akanigeukia. "Katibu, mwanangu, hebu tusomee ulichoandika mstari wa baba. Si wa mama, wa baba."

Daftari letu lina mstari kwa kila mtu mzima. Nikaweka kidole kwenye jina la marehemu nikaanza kusoma: hayupo, hayupo, hayupo. Kalamu nyekundu. Jumamosi 33. Nilipofika katikati sauti iliniishia, lakini bibi hakuniambia ninyamaze, kwa hiyo nikasoma mpaka mwisho.

"Mtu aliyepooza," akasema. "Ulitaka aje kwa miguu ya nani?"

Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti akaniambia niandike barua, nikaiandika papo hapo, mhazini akawa wa kwanza kutia sahihi.

Kama kisa kingeishia hapo kingekuwa kisa cha barua iliyocheleweshwa kwa saa mbili, nacho kisingestahili kuandikwa. Kilichonifanya niandike ni swali ambalo paroko alituuliza sakristia baada ya mazishi, kwa sauti ya chini, akiwa bado anakunja stola: ni nani aliyekuwa akimpelekea marehemu Komunyo?

Hakukuwa na mtu. Utaratibu ni kwamba kila mwezi jumuiya hupeleka parokiani orodha ya wagonjwa wasioweza kufika kanisani, na padre au mhudumu wa Ekaristi huwatembelea. Orodha hiyo naiandaa mimi. Naiandaa Jumamosi baada ya sala, kwa kuwauliza waliohudhuria kama nyumbani kwao kuna mgonjwa. Waliohudhuria. Aliyeugua kiasi cha kumzuia hata mkewe asije hakuwa na njia ya kuingia katika orodha ile. Tulikuwa tumetengeneza chombo cha kuwapata wasiokuwepo, kisha tukakifunga kwa watu waliopo. Kwa miezi 8 mwamini aliyeshiriki meza ya Bwana kila Dominika ya maisha yake ya utu uzima alilala umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka kanisani, na hakupelekewa hata mara moja. Na hali yake ilipozidi kuwa mbaya mwezi Machi hakupata Mpako kwa mara ya pili, ingawa Kanisa linaruhusu urudiwe ugonjwa unapozidi.

Hapa ndipo ninapoona moyo wa kisa. Tumezoea kuieleza thamani ya jumuiya kwa mambo ya walio ndani: tunasali pamoja, tunatiana moyo, tunaimba, tunafahamiana. Yote ni kweli. Lakini Wakristo wa mwanzo waliijua jumuiya pia kwa kile ilichomfanyia asiyefika. Yustino Mfiadini, akiandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza Dominika ya Wakristo wa wakati wake: wanakusanyika, wanasomewa maandishi ya mitume na ya manabii, wanashiriki mkate na divai iliyobarikiwa, na mashemasi wanawapelekea sehemu yao wale ambao hawapo. Katika maelezo hayo hayo, fedha iliyokusanywa inawekwa mikononi mwa mwenye kuongoza ibada ili iwasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Neno lile lile nililoliandika kwa kalamu nyekundu mara 33 ndilo lililokuwa likimtuma shemasi njiani. Kwao "hayupo" lilikuwa agizo la kazi. Kwangu lilikuwa hukumu.

Na michango? Nusu karne hivi baada ya Yustino, Tertuliano, Mwafrika wa Karthago, aliwaeleza watawala wa Roma kwamba Wakristo nao wana sanduku lao. Kila mmoja, alisema, huleta kiasi kidogo siku moja katika mwezi, au anapotaka, tena akitaka tu na akiweza tu, kwa kuwa hakuna anayelazimishwa. Na fedha hiyo huwalisha maskini na kuwazika. Kwa hiyo mfuko wa kuzikana tulionao Pasua si uvumbuzi wetu, ni urithi wa karne 18 kutoka bara hili hili. Tofauti ni kwamba sanduku la Karthago lilikuwapo kwa ajili ya maskini asiyeweza kutoa, na letu lilikuwa karibu kumfungia mlango kwa sababu hakutoa.

Sheria ya Kanisa yenyewe haikuwa upande wetu. Kanuni ya 1184 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kikanisa, iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: waasi wa imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana wazi, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa hadharani ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Kanuni ya 1181 inaonya, katika habari ya sadaka za mazishi, kwamba kusiwe na upendeleo na maskini wasikose mazishi yanayostahili. Deni la ukarabati halimo. Mahudhurio ya Jumamosi hayamo. Barua ya jumuiya ni utaratibu mzuri wa kumsaidia padre amjue marehemu, na inapogeuka kuwa hati ya kuthibitisha kwamba mtu hadaiwi, imeacha kazi yake na kushika kazi nyingine.

Lakini nadhani kuna swali la ndani zaidi ya sheria. Wapo waamini wengi, na baadhi ni watu wa sala kweli, wanaosema kwamba imani ni jambo la moyo kati ya mtu na Mungu wake, na kwamba jumuiya ni msaada tu kwa anayeuhitaji. Nilimuuliza mshonaji kuhusu sala zake katika miezi ile. Aliniambia kwamba hadi Novemba alikuwa akisali rozari usiku mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. Baada ya hapo aliacha. Hakukasirika na Mungu, alisema. Maneno tu hayakuja, na akifumba macho alilala. "Kuna Jumamosi moja mlisali nyumba ya tatu kutoka kwangu," akaendelea. "Dirisha lilikuwa wazi, nikawasikia mkiimba. Baba naye akawasikia, akainua mkono wa kushoto, akajaribu kufanya ishara ya msalaba, ukaishia begani. Nilitaka kutoka nikawaite. Nikatazama nyumba ilivyo, nikafunga dirisha."

Namfikiria mara nyingi yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, katika sura ya 2 ya Injili ya Marko, aliyeletwa na watu wanne na kushushwa kupitia darini. Injili haisemi neno lolote juu ya imani yake yeye. Inasema Yesu aliiona imani yao, akamsamehe dhambi zake yeye. Kuna vipindi ambavyo mtu hana tena imani ya kutembelea, na huchukuliwa juu ya imani ya wengine kama alivyochukuliwa yule juu ya godoro, na Bwana hakuona dosari katika hilo. Kuanzia Novemba hadi Aprili mshonaji hakuweza kusali. Swali ambalo jumuiya inapaswa kulijibu ni nani aliyekuwa akisali mahali pake, akiwa amemshika jina. Mtu anayesema imani ni ya moyoni peke yake huenda bado hajafika Novemba yake.

Na katika habari ile ile kuna jambo ambalo huwa tunalipita. Wanne wale walilazimika kubomoa dari kwa sababu mlango ulikuwa umejaa. Umejaa nani? Si maadui wala wapita njia. Ni watu waliokuja kusikiliza Neno, waliofika mapema, wakapata nafasi nzuri, wakamgeuzia mgongo aliye nje kwa sababu nyuso zao zilikuwa kwa Yesu. Siwezi tena kuisoma aya hiyo bila kuona Jumamosi ile ya nyumba ya tatu, sisi tukiimba vizuri kabisa.

Niruhusiwe neno kidogo juu ya historia ya kwetu, kwa kuwa inagusa suala la mlima. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri wa Kijerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kutumikia Old Moshi kwa miaka mingi hadi mwaka 1938, alishikilia kwamba Kanisa la Wachaga lisiwang'oe watu katika ukoo, ujirani na rika, bali lijengwe juu ya vifungo hivyo, kwa kuwa navyo ni zawadi ya Muumba. Naamini aliona kitu cha kweli. Mpaka leo, kwa Walutheri na kwa Wakatoliki, mazishi ya mlimani yana nguvu kwa sababu ukoo na Kanisa husimama pamoja pale migombani. Lakini mji una watu wa Singida, wa Kondoa, wa Kigoma. Maaskofu wa Afrika Mashariki, wakikutana katika umoja wao uitwao AMECEA mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliazimia kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, vijijini na mijini, na mjini azimio hilo lina maana ngumu zaidi: kuwapa undugu watu ambao damu haiwaunganishi. Tulichokuwa nacho sisi, nikitazama nyuma, kilikuwa undugu wa watu wenye ndugu tayari.

Tuliyobadilisha ni machache. Orodha ya michango haitumwi tena kwenye kundi. Mhazini mwenyewe ndiye aliyependekeza, na sasa humfuata mtu pembeni. Chai ya zamu imerudi kuwa chai ya rangi, ingawa ilibidi mwenyekiti aikatae chapati hadharani nyumba mbili mfululizo ndipo watu wakaamini. Nyumba yenye mgonjwa huletewa vikombe na mikeka na wenzake. Mtu akikosa Jumamosi mbili, watu wawili huenda kwake kabla ya ya tatu, na hawaendi na daftari. Orodha ya wagonjwa sasa naianza na majina ya wasiokuja, nikiuliza mmoja mmoja, huyu ni mzima? Mwezi wa kwanza tulipofanya hivyo tulipata wagonjwa 4 ambao parokia haikuwajua, mmoja wao akiwa hajapokea Komunyo tangu mwaka uliotangulia.

Mshonaji hakurudi mara moja. Alikuja kwenye Misa ya arobaini, kisha akakaa mwezi mzima bila kuja, kisha Jumamosi moja ya Julai akaketi karibu na mlango. Zamu yake ilifika Septemba. Vikombe vyake 5 vilikuwa mezani pamoja na vya kuazima kwa jirani wa chumba cha pili, ambaye alikaa nje kibarazani wakati wa sala, na ilipofika chai akaingia kuimimina, akijua sukari ilipo kuliko mwenye nyumba. Mwenyekiti alimshukuru mbele ya wote, kwa jina. Jirani akasema, "Baba alikuwa mgonjwa wangu pia," akaendelea kumimina. Kuhusu zile shilingi 86,000, kikao hakijaamua. Mama anasema atalipa, mhazini anasema ukurasa ule umeshafungwa, na kwa sasa wote wawili wanashikilia hivyo.

Si kila mlango umefunguka. Kuna kijana wa gereji ambaye hajafika kwa zaidi ya mwaka, na tumemwendea mara tatu, kila mara watu wawili wengine. Mara ya kwanza alitupokea vizuri, ya pili alisema yuko sawa na tusijisumbue, ya tatu taa ilikuwa inawaka ndani na hakufungua. Kwenye daftari sikuandika kitu mbele ya jina lake ila tarehe tulizokwenda. Jumamosi ijayo ni zamu yangu na mhazini.